Maisha ya John Muafangejo, Mkata Picha wa Odibo

Katika kitabu hiki cha Yubile yamekwisha kusimuliwa mambo ya maaskofu, mapadre na masista walioijenga dayosisi yetu, na ni haki yasimuliwe. Lakini wako wengine waliolitumikia Kanisa pasipo daraja wala cheo, wapiga kengele, wafuaji wa nguo za altare, waalimu wa shule za porini, na majina yao hayakuandikwa katika taarifa za misioni. Kwa hiyo sisi waalimu wa dini tuliopewa kurasa hizi tumeona vema kuleta habari za mtu mmoja wa dayosisi ya mbali, ambaye hakuwa padre wala shemasi. Kazi yake ilikuwa kukata picha katika vipande vya lino na kuzipiga chapa juu ya karatasi. Jina lake John Muafangejo, Mkwanyama, wa dayosisi iliyoitwa Damaraland hata mwaka wa 1980, ndipo ikaitwa Dayosisi ya Namibia. Tena tumemchagua kwa kuwa aliugua, na ugonjwa wake ni ule ambao katika mitaa yetu watu huusema kwa kunong'ona, yaani ugonjwa wa akili. Twapenda wasomaji wetu, na zaidi waalimu wenzetu, waone jinsi mtu huyu alivyoishi, na jinsi alivyofanya kazi katikati ya watu wake.

Alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1943 katika kijiji cha Etunda lo Nghadi, upande wa Angola. Nchi ya Wakwanyama ni tambarare ya mchanga, yenye mabonde mapana yajaayo maji wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi, na wenyeji ni wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa mawele. Wazungu walipogawana Afrika walipiga mstari katikati ya nchi hii, nusu ikawa ya Wareno, nusu ya Wadachi. Mfalme Mandume ya Ndemufayo hakukubali kutawaliwa, naye aliuawa mwaka wa 1917 akipigana na majeshi ya Afrika ya Kusini, ambayo yalikuwa yamekwisha kuitwaa sehemu ya Wadachi. Tangu hapo ndugu wa ukoo mmoja walikuwa raia wa serikali mbili, na mtu akivuka kwenda kumzika mjomba wake alikuwa amevuka mpaka wa mataifa.

Baba yake John alikuwa mtu mwenye wake wengi, nao walikaa pamoja katika boma moja kubwa, kama ilivyo desturi ya Wakwanyama. Boma hilo huzungushiwa miti iliyosimamishwa karibu karibu, na ndani yake njia hupindapinda baina ya nyumba na nyumba, hata mgeni hawezi kufika kwa mwenye nyumba asipoongozwa. Mtoto John alichunga ng'ombe huko kama watoto wote. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1979, alilikata boma la Muafangejo katika lino, uzio na nyumba zake, na kulipa picha hiyo jina la ukoo wao. Kwa hiyo boma ambalo watu wake walitawanyika lingaliko juu ya karatasi.

Baba alifariki mwaka wa 1955. Mama yake akawa Mkristo, akauvuka mpaka na kukaa karibu na misioni ya Kianglikana ya Epinga, na mwaka uliofuata mwanawe akamfuata. Hapo ndipo John alipoanza shule, naye alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, amezoea fimbo ya kuchungia kuliko kalamu. Waalimu wanaosoma habari hii wanawajua wanafunzi wa namna hiyo, wanaokaa benchi moja na watoto wadogo, miguu yao mirefu imekunjwa chini ya meza. Kutoka Epinga alikwenda Misioni ya Mtakatifu Mariamu, Odibo, iliyoanzishwa mwaka wa 1924 na Padre George Tobias, ambaye baadaye akawa Askofu wa Damaraland. Odibo i karibu sana na mpaka wa Angola, tena ilikuwa na shule, kanisa na hospitali.

Mkuu wa misioni ya Odibo siku zile alikuwa Padre Shannon Mallory, Mwamerika, yeye ambaye mwaka wa 1972 alifanywa Askofu wa kwanza wa Botswana. Padre huyu aliona kwamba kijana ana kipaji cha kuchora, wala hakukidharau. Twataka kusimama kidogo hapa. Katika shule zetu mara nyingi mtoto achoraye pembeni mwa daftari hupigwa, maana twadhani anachezea karatasi. Padre Mallory alitafuta mahali ambapo Mwafrika angeweza kufundishwa kazi ya kuchora, na mahali pa namna hiyo palikuwa pachache mno, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za Afrika ya Kusini. Alipapata Rorke's Drift katika nchi ya Wazulu, safari ya zaidi ya kilometa 2,000 kutoka Odibo. Akamwombea John nafasi, naye akapokewa mwishoni mwa mwaka wa 1967.

Jina la Rorke's Drift hujulikana kwa vita. Hapo palikuwa na kituo cha misheni ya Waswidi, na tarehe 22 Januari 1879 majeshi ya Wazulu yalipowashinda Waingereza pale Isandlwana, kikosi kimoja cha Wazulu kiliendelea na kukivamia kituo hicho. Nyumba ya mmisionari ilikuwa imegeuzwa kuwa hospitali ya askari. Waingereza mia moja na hamsini hivi walijitetea usiku kucha nyuma ya magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti, na hospitali ikaungua moto. Damu nyingi ilimwagika pale, na ya Wazulu zaidi.

Mahali hapo hapo, mwaka wa 1963, Kanisa la Kilutheri liliweka kituo cha sanaa na kazi za mikono. Walioanzisha kazi hiyo walikuwa Peder Gowenius na mkewe Ulla, Waswidi waliofika mwaka wa 1961. Nia yao ya kwanza haikuwa kuwafanya watu kuwa mabingwa wa picha. Waliona katika hospitali za misheni wagonjwa wa kifua kikuu wanaolala kitandani miezi mingi, mikono yao haina kazi, mioyo yao imekata tamaa, nao walitaka kuwafundisha wanawake watakaokwenda hospitalini kuwaonyesha wagonjwa kazi za mikono, kufuma na kushona na kuchora. Katika hospitali ya Ceza alikuwamo kijana wa Kizulu aitwaye Azaria Mbatha, mgonjwa wa kifua. Akafundishwa kufuma, kisha kukata lino, akatoka hospitalini akiwa na kazi mkononi. Huyo Mbatha alikuwa mkata lino mkubwa wa habari za Biblia, akasoma Uswidi, akarudi kufundisha Rorke's Drift, na John akawa mmoja wa wanafunzi wake. Twaona basi kwamba kazi hii ya lino ilianzia penye vitanda vya wagonjwa, hata kabla ya kufika penye kuta za majumba ya picha.

Yafaa tuieleze kazi yenyewe, maana wengi hawajaiona. Lino ni lile zulia gumu la kutandika sakafuni, lililobuniwa Uingereza katika miaka ya 1860 na mtu aitwaye Frederick Walton. Hufanywa kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyoachwa hata yakaganda, yakachanganywa na unga wa gome la ule mti utoao vizibo vya chupa, kisha hugandamizwa juu ya kitambaa cha gunia. Halina nyuzi kama ubao, kwa hiyo kipatasi chaweza kwenda upande wo wote pasipo kukwama, wala halihitaji mkono wenye nguvu nyingi. Mkataji huondoa pale anapotaka pawe peupe, na kuacha pale anapotaka pawe peusi. Kisha hupitisha wino kwa rola, hulaza karatasi juu yake, na kama hana mashine husugua mgongo wa karatasi kwa kijiko mpaka wino ushike. Kilichokatwa hakirudi, hakuna kufuta. Bali kipande kimoja chaweza kutoa picha nyingi, na kwa hiyo picha yaweza kuuzwa kwa bei ndogo na kufika katika nyumba ambazo picha ya rangi ya mafuta haifiki. (Mwalimu asiye na kipatasi aweza kukifanya kwa njiti ya mwavuli uliovunjika, ile yenye mfereji katikati, akiinoa vizuri na kuitia mpini. Tunayasema haya kwa sababu tunajua tutaulizwa gharama yake.)

Kuna jambo moja zaidi. Picha ya lino hutoka kinyume, kama uso katika kioo, na atakaye kuweka maneno ndani yake hana budi kuikata kila herufi kinyumenyume, na kila neno kuanzia mwisho. John alijaza picha zake maneno. Tena hakuyaandika kwa lugha ya mama yake, aliyaandika kwa Kiingereza, lugha aliyoijua kwa kuipapasa, naye aliikata jinsi alivyoisema, pasipo kumwomba mtu amsahihishie. Wako waliocheka Kiingereza hicho. Lakini tukifikiri kazi ya mtu aliyeinama juu ya lino akikata sentensi nzima nyuma mbele, katika lugha ya kigeni, ili jambo lililowapata watu wake lisomwe na wageni, kicheko hutuisha.

Sasa twafika penye ugonjwa. Katika miaka ya masomo, mbali na mama yake na lugha yake, katikati ya Wazulu ambao hakuwa amezoea maneno yao, John alishikwa na ugonjwa wa akili, akatiwa katika hospitali ya wagonjwa wa namna hiyo. Hatutaki kuipamba habari hii wala kuifanya kuwa fumbo. Katika nchi yetu mtu akipatwa na jambo kama hilo mara huambiwa amerogwa, au amekosea mizimu, na katika Wakristo wako wasemao kwamba imani yake ni haba. Jamaa humficha. Akipona, hapewi tena kazi ya watu, na akiomba kuimba katika kwaya hutazamwa kwa pembe ya jicho. Twajua yaliyompata John baada ya ugonjwa ule. Hospitali ilimtibu, chuo kilimrudisha darasani, akamaliza masomo yake mwaka wa 1969, na mwaka wa 1970 misioni ya Odibo ikampa darasa la kufundisha. Aliyekuwa mgonjwa wa akili alisimama mbele ya watoto wa shule ya Mtakatifu Mariamu, akawaonyesha jinsi ya kushika kipatasi. Misioni hiyo ilikuwa maskini, tena haikuwa na mtu mwingine wa kazi hiyo, lakini tumeziona misioni maskini zinazopendelea darasa libaki tupu kuliko kumpa mtu wa namna ile. Odibo haikufanya hivyo.

Miaka ile mambo ya nchi yalikuwa mazito. Vita vya kupigania uhuru vilikuwa vimeanza mwaka wa 1966 huko huko kaskazini, na vijana wengi wa Ovambo walivuka mpaka kwenda kujiunga na chama cha SWAPO. Wengine walifika hata Kongwa katika Ugogo wetu, ambako walipewa kambi tangu mwaka wa 1964, na wazee wa Kongwa waliwakumbuka. Mnamo Desemba 1971 maelfu ya Waovambo waliokuwa wakifanya kazi ya mkataba katika migodi na viwanda vya kusini waligoma, kwa sababu mkataba ule ulikuwa ukiwatenga na wake zao na kuwafunga kwa mwajiri mmoja. Askofu Colin Winter wa Damaraland aliwatetea, na mwaka wa 1972 serikali ya Afrika ya Kusini ikamfukuza katika nchi. Walutheri walikuwa na mtambo wa kupiga chapa pale Oniipa, uliotoa vitabu vya nyimbo na magazeti kwa lugha za wenyeji, na mwezi wa Mei 1973 ukalipuliwa kwa baruti.

John alikuwa akiyaona haya. Hakuwa mtu wa hotuba, wala hakuwa mtu wa bunduki. Mtambo wa Oniipa ulipojengwa tena na kufunguliwa mwaka wa 1975, aliikata habari ya kufunguliwa kwake katika lino. Yeye alikuwa Mwanglikana na mtambo ni wa Walutheri, lakini furaha yao aliihesabu kuwa yake. Katika mwaka ule ule aliuawa Filemon Elifas, mkuu wa serikali ya Ovambo iliyowekwa na Afrika ya Kusini, mtu ambaye wengi hawakumpenda, na John aliikata habari ya kifo hicho pia, pamoja na tarehe yake. Picha zake nyingi zina majina na tarehe namna hii. Kwa watu ambao magazeti ya serikali hayakuwataja ila kuwalaumu, hizo ndizo zilizokuwa kumbukumbu. Sisi tunaoandika vitabu vya ubatizo na vya mazishi twajua maana ya tarehe. Mtu asiyeandikwa ni rahisi kusemwa kwamba hakuwapo.

Habari za Maandiko alizikata tangu alipokuwa mwanafunzi, Adamu na Hawa na nyinginezo. Miongoni mwa hizo sisi twaipenda zaidi picha ya mwaka wa 1973 ya Yuda Iskariote. Jina lake lasema kwamba Yuda alimsaliti Bwana wetu kwa rand 3. Msomaji asidhani kwamba John alisahau Injili. Rand ni fedha ya Afrika ya Kusini, na rand 3 ni vipande thelathini vya senti kumi. Ametia fedha ya Yerusalemu katika sarafu iliyokuwa mfukoni mwa kila Mwovambo, sarafu za mshahara, za kodi na za malipo ya wachongezi. Aliyeitazama picha hiyo mwaka wa 1973 hakuhitaji kuelezwa na mhubiri. Sisi wahubiri twaweza kuona haya kidogo, maana twahitaji nusu saa kusema neno hilo.

Hakuwa mtu wa huzuni siku zote. Alikata arusi za Kikwanyama, na wanyama wa mbuga, na katika mwaka wa 1975 alikata picha ya ndovu anayemwua simba, akaipa jina lisemalo kwamba ndovu huyo anamwua simba kwa namna ya kuchekesha. Wala hakuona vibaya kuyaweka mambo ya jadi yake kando ya mambo ya Kanisa. Siku zile walikuwako Wakristo walioona kwamba ngoma na boma na mavazi ya wazee ni mambo ya kuachwa nje ya mlango. Yeye aliyakata yote kwa kipatasi kile kile na kuyatia wino ule ule.

Lakini upweke haukumwacha. Mwaka wa 1974 alialikwa kurudi Rorke's Drift kukaa kama msanii na kufanya kazi zake. Huko alikata picha ya mtu mpweke, ambayo wengi huihesabu kuwa picha yake yeye mwenyewe kwa ndani. Mahali pale pale alipougua zamani, alirudi kwa hiari yake, akaikata habari ya upweke kama alivyoikata ya mtambo wa Oniipa, pasipo kuificha. Wasomaji watakaotaka kujua kama kazi hii ilimponya, sisi hatuwezi kusema kwamba lino ni dawa kama kwinini ilivyo dawa ya homa. Tunaloweza kusema ni kwamba mtu aliyetoka hospitali ya akili akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu alifanya kazi karibu miaka ishirini baada yake, akakata picha zaidi ya 250, akajilisha kwa kazi ya mikono yake. Mgonjwa wa Ceza alipewa kazi ili mikono isilale. Mkwanyama huyu alipewa kazi hiyo hiyo, na mikono yake haikulala.

Vita vya mpakani vilizidi tangu mwaka wa 1975, baada ya Angola kupata uhuru na majeshi ya Afrika ya Kusini kuingia huko. Mwaka wa 1977 John aliihama nchi ya kaskazini, akaenda Windhoek na kukaa Katutura. Wenye lugha ya Kiherero husema jina hilo maana yake ni mahali pasipokaliwa, maana Waafrika wa Windhoek walihamishiwa huko kwa nguvu kutoka mtaa wao wa zamani, na walipokataa, tarehe 10 Desemba 1959, walipigwa risasi na wengine wakafa. Katika mtaa huo wenye jina la namna hiyo John alijijengea nyumba, akaimaliza mwaka wa 1986.

Mwaka wa 1981 seminari ya Kianglikana ya Odibo ililipuliwa. Palikuwa ni mahali pa ujana wake, misioni iliyompokea na kumlea, tena iliyompa darasa alipotoka hospitalini. Alikata picha, na jina la picha lasema waziwazi lililotokea, kwamba seminari ya Kianglikana imelipuliwa. Hakuweka laana ndani ya jina hilo.

Mwaka huo huo alikata picha kubwa ya vita vya Rorke's Drift vya mwaka wa 1879, Waingereza na Wazulu wamejaa karatasi yote, hata macho hayapati mahali pa kupumzika. Tumefikiri sana kwa nini mtu wa Kwanyama, asiye Mzulu wala Mwingereza, aliirudia habari hiyo katika mwaka ule. Katika kituo kile alikuwa amekaa juu ya ardhi ya vita vya watu wengine, na ardhi hiyo ilikuwa imegeuka kuwa mahali pa wafumaji na wakata lino. Sisi twadhani kwamba alipoisikia habari ya Odibo alikumbuka hospitali iliyoungua mwaka wa 1879, na nyumba zilizosimama mahali pake. Hayo ni mawazo yetu tu, msomaji ayapime mwenyewe.

Mwaka wa 1984 ndipo alipokata picha iliyojulikana kuliko zote. Watu wawili wamekumbatiana, na jina lake lasema habari ya tumaini na kutazamia mema ijapokuwa shida za wakati ule. Shida hizo hazikuwa chache. Huko kaskazini watu walikatazwa kutoka nje usiku, askari walipita vijijini, na ahadi za uhuru zilikuwa zimeahirishwa mara nyingi. Yako mambo mawili aliyoyakataa katika picha hiyo. Alikataa kusema kwamba shida hazipo, maana amezitaja katika jina lenyewe. Tena alikataa kusema kwamba zitakwisha kwa watu kukaa mbalimbali. Mtu aweza kuuliza picha kama hii ilibadili nini, nasi swali hilo hatulikwepi. Haikuzuia risasi hata moja. Lakini ilitundikwa majumbani, ikapigwa chapa katika matangazo, ikatazamwa na weusi na weupe katika nchi ambayo sheria ilitaka wasitazame kitu kimoja pamoja, na kila aliyeitazama aliona kwamba mtu mmoja wa kaskazini, mwenye sababu zote za kuchukia, amechagua kukata watu wanaokumbatiana. Sisi twaona hilo si dogo. Wako watakaosema ni dogo, nao huenda walikuwa vitani na kupoteza watu wao, hatuwezi kushindana nao.

Tarehe 7 Septemba 1986 Desmond Tutu aliwekwa katika kiti cha Uaskofu Mkuu wa Cape Town, Mwafrika wa kwanza kukikalia, na John akaikata habari hiyo mwaka ule ule. Kwa wakati huo kazi zake zilikuwa zimekwisha kuonekana katika nchi nyingi, tangu maonyesho makubwa ya São Paulo, Brazil, mwaka wa 1971.

Alifariki katika nyumba yake ya Katutura tarehe 27 Novemba 1987, kwa ugonjwa wa moyo, naye alikuwa na miaka 44. Nyumba ile alikuwa ameikalia kama mwaka mmoja tu. Alikuwa amechaguliwa kuwa msanii mgeni wa tamasha kuu la sanaa la Grahamstown, Afrika ya Kusini, la mwaka wa 1988, na maonyesho hayo yakafanyika yeye hayupo, picha zake zimetundikwa ukutani kwa mpango wa miaka yake. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Baadaye kituo kimoja cha sanaa katika Windhoek kikaitwa kwa jina lake, na vijana, wengi wao wametoka Katutura, wakafundishwa humo kunoa kipatasi na kukata lino.